Kituo cha Ukingoni mwa Ziwa Baikal

Msafiri apandaye gari la moshi mjini Moscow kwenda Vladivostok, penye pwani ya Bahari ya Pasifiki, ana safari ya kilomita 9,289 mbele yake. Asiposhuka njiani, atakaa garini muda wa siku saba hivi, usiku na mchana, na saa yake itambidi aisogeze mbele mara saba kabla ya kufika. Kwa kipimo cha kwetu, ni kama mtu aliyesafiri kwa ile reli ya zamani kutoka Mombasa hadi Kisumu karibu mara kumi, bila kupumzika. Ndiyo sababu wasafiri wengi, hasa wale waendao kwa makundi, hukatiza safari yao mjini Irkutsk, katikati ya Siberia. Hapo hushuka na mizigo yao, wakaingia motokaa, wakafuata barabara ya kilomita 70 hivi iendayo kijiji cha Listvyanka, ukingoni mwa Ziwa Baikal.

Kijiji chenyewe si kikubwa. Nyumba zake nyingi ni za magogo, nazo zimejipanga mstari mmoja mrefu kati ya maji na mlima, kwa maana mlima haukuacha nafasi ya mstari wa pili ila katika mabonde machache. Jina lake limetokana na mti mmoja wa jamii ya msonobari uotao kwa wingi katika milima ile. Upepo utokao ziwani hupenya nguo hata wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi kali mgeni aliyetoka nchi za joto huona pumzi yake ikigeuka theluji juu ya kitambaa alichojifunga usoni. Kwa muda mrefu wenyeji walijulikana kwa kuuza samaki wa moshi aitwaye omul, asiyepatikana ila katika ziwa lile na mito yake. Lakini samaki hao walipungua mno, na mwaka 2017 serikali ikapiga marufuku kuwavua kwa biashara.

Sisi tuliozaliwa karibu na maziwa makubwa ya Afrika ya Mashariki twaweza kudhani kwamba ziwa ni ziwa tu. Basi na tulinganishe. Ziwa Victoria lina eneo kubwa kupita Baikal mara mbili na zaidi, lakini kina chake hakizidi sana mita 80. Baikal lina kina cha mita 1,642, nalo ndilo refu kwenda chini kuliko maziwa yote ya dunia. La pili ni Tanganyika letu, lenye mita 1,470. Kwa hiyo Baikal, pamoja na wembamba wake, lina maji zaidi ya mara nane ya yale ya Victoria, na wataalamu husema kwamba sehemu moja katika tano ya maji yote matamu yaliyo juu ya uso wa nchi, ukiacha yaliyoganda, imo humo. Mito zaidi ya 300 huingia ziwani, lakini mto utokao ni mmoja tu, nao ni Angara. Mto huo huanzia pale pale Listvyanka. Katikati ya mlango wake pana mwamba, nao Waburyati, wenyeji wa asili wa nchi ile, huuita Jiwe la Mganga. Husimulia kwamba Angara alikuwa binti pekee wa mzee Baikal, akatoroka usiku kumfuata mpenzi wake Yenisei, ambaye ni mto mkubwa wa upande wa magharibi; baba alipoamka akang'oa mwamba akamtupia ili kumzuia, wala hakuweza.

Hadithi hiyo ni nzuri. Lakini kijiji hiki hakikuingia katika historia kwa ajili ya uzuri wake. Kiliingia kwa sababu watu wengi walilazimika kusimama hapo, kwa kuwa mbele yao palikuwa na maji, au barafu, na njia ilikuwa haipo.

Kabla ya reli, kila aliyekwenda mashariki ya Siberia kwa njia kuu ya serikali alifika kwenye ukingo huu kwa gari la farasi. Wafanyabiashara wa chai walipita hapa. Maofisa na askari walipita. Walipita pia wafungwa na waliohamishwa kwa nguvu, wengine wakiwa na pingu miguuni, wakipelekwa kwenye migodi iliyo ng'ambo ya ziwa. Mnamo Juni 1890 alifika mwandishi mashuhuri wa Kirusi, Anton Chekhov, akiwa safarini kwenda kisiwa cha Sakhalin kuchunguza hali ya wafungwa waliokuwa huko. Alikuwa na wenzake njiani, maofisa vijana wa jeshi. Walikuwa wameharakisha kutoka Irkutsk ili waiwahi meli, lakini njiani walikosa farasi wa kubadilisha, na walipofika waliambiwa kwamba meli haitaondoka ila baada ya siku kadhaa. Wakazunguka kijiji kizima wakitafuta chakula cha kununua, na karibu warudi mikono mitupu. Katika barua alizoandika kwao nyumbani, Chekhov alilalamika sana juu ya njaa ile. Lakini katika barua hizo hizo aliyasifu maji ya Baikal, jinsi yalivyokuwa maangavu hata macho yakapenya ndani yake kama yapenyavyo katika hewa. Nadhani ni msafiri wa kweli tu awezaye kuona uzuri wa maji tumbo likiwa tupu.

Mwaka uliofuata, 1891, Urusi ilianza kujenga reli ya Siberia. Mwana wa mfalme, Nicholas, ambaye baadaye alikuwa mfalme wa mwisho wa Urusi, aliweka jiwe la msingi mjini Vladivostok. Mtu aliyeisukuma kazi ile mbele kwa bidii kuliko wote alikuwa Sergei Witte, aliyepata kuwa waziri wa fedha mwaka 1892. Nia yao ilikuwa mbili: kuhamisha wakulima waende wakalime nchi tupu za Siberia, na kuyafikisha majeshi ya Urusi haraka katika pande za China na Korea, ambako Japani nayo ilikuwa imetia macho. Reli ilijengwa kutoka pande mbili, kwa haraka na kwa kubana matumizi. Vyuma vyake vilikuwa vyepesi, njia ilikuwa moja tu, na madaraja mengi madogo yalikuwa ya mbao. Mwaka 1898 magari yakafika Irkutsk.

Hapo wahandisi wakasimama kama alivyosimama Chekhov. Ukingo wa kusini wa Baikal ni majabali matupu yashukayo wima mpaka majini. Kupitisha reli pale kulitaka mahandaki mengi na fedha nyingi, na hazina ilikuwa imechoka. Basi wakaazimia kuiacha sehemu hiyo kwa muda, na kuvusha magari kwa meli. Reli ilifikishwa mlangoni mwa Angara, upande wa pili wa mto kuelekea Listvyanka, penye kituo kiitwacho Bandari ya Baikal. Na kutoka hapo meli ilikuwa na mwendo wa kilomita 70 na zaidi kufika Mysovaya, ambako reli ilianza tena.

Meli yenyewe iliundwa na kampuni ya Armstrong Whitworth katika mji wa Newcastle, Uingereza. Ilikuwa meli ya kuvunja barafu, yenye urefu wa mita 88, na ndani yake zilitandikwa reli za kubebea mabehewa yapatayo 24. Lakini meli kubwa namna ile ingefikaje katika ziwa lisilo na njia ya kutokea baharini? Ilifunguliwa vipande maelfu, kila kimoja kikatiwa alama, vikasafirishwa baharini, kisha kwa reli na kwa mito, mpaka Listvyanka. Mafundi waliviunganisha tena pale kijijini, na mwaka 1899 meli ikashushwa majini. Iliitwa Baikal. Mwenziwe mdogo, aitwaye Angara, alifuata mwaka 1900.

Msomaji wa Kenya asishangae sana. Katika miaka ile ile jambo la namna hiyo lilitendeka kwetu. Meli iliyoitwa William Mackinnon ililetwa kwa vipande kutoka Uskoti mpaka Mombasa, ikaunganishwa Kisumu, ikashushwa katika Ziwa Victoria mwaka 1900. Na reli yenyewe ikawasili Kisumu mwezi wa Desemba, 1901. Huku na kule reli ilikomea ziwani na abiria akangojea meli. Tofauti ni kwamba abiria wa Kisumu alingoja chini ya jua, na kwamba hapakuwa na vita vilivyotegemea kuvuka kwake. Reli yetu ilipofika Kampala kwa nchi kavu, mwaka 1931, hapakuwa na haraka ya kuogopesha.

Kwa Warusi mambo yalikuwa mengine. Usiku wa tarehe 8 Februari, 1904, manowari za Japani zilizishambulia meli za Urusi katika bandari ya Port Arthur, na vita vikaanza. Askari, mizinga, farasi, unga na risasi vyote vilitakiwa kutoka Ulaya kwa njia ile moja ya reli. Na njia ile, katika mwezi ule wa Februari, ilikuwa imekatika. Reli ya kulizunguka ziwa ilikuwa haijamalizika. Meli Baikal nayo haikuweza kufanya kazi, kwa kuwa barafu ya Februari ilikuwa nene kupita nguvu zake. Wajapani, bila shaka, walikuwa wamesoma ramani na kalenda.

Aliyetumwa kulitatua jambo hilo alikuwa waziri wa njia za usafiri, Mikhail Khilkov. Mtu huyu alikuwa wa ukoo wa kifalme, lakini katika ujana wake aliwahi kwenda Marekani akafanya kazi ya mikono katika reli kama kibarua wa kawaida. Kwa hiyo alizijua nyundo na mataruma kwa viganja vyake. Alikwenda mwenyewe mpaka ziwani, akakaa kwenye baridi pamoja na wafanyakazi. Aliamuru reli itandikwe juu ya barafu.

Kazi hiyo ilifanywa kutoka Bandari ya Baikal hata Tankhoi, upande wa pili, masafa ya kilomita 45 hivi. Mataruma yalikatwa marefu kuliko kawaida, ili uzito ugawanyike mahali papana. Hata hivyo barafu ya Baikal si sakafu. Hupasuka kwa kishindo kama cha mzinga, na nyufa zake hufunguka na kufumba kwa kadiri ya baridi na upepo. Hivyo vikundi vya mafundi vilikaa njiani daima vikirekebisha reli zilizopinda na kuziba nyufa kwa mbao. Walipojaribu kupitisha injini nzima, barafu ilivunjika, nayo ikazama. Tangu hapo injini zilifunguliwa. Chombo cha kuchemshia maji kilipakiwa peke yake, magurudumu na fremu peke yake, na kila kipande kilikokotwa na farasi kwa mwendo wa pole, pakiwa na nafasi kubwa kati ya kimoja na kingine. Kwa njia hiyo, mwezi wa Machi, 1904, zilivushwa injini zaidi ya 60 na mabehewa zaidi ya 2,000.

Askari wengi walivuka kwa miguu. Waliteremka garini ukingoni, wakajipanga vikosi, wakaingia barafuni asubuhi, na upepo mkavu ukiwapiga usoni. Njiani vilijengwa vibanda vyenye moto, na katikati ya ziwa palikuwa na kituo ambacho Warusi walikiita Seredina, yaani Katikati. Hapo walipewa chakula cha moto na nafasi ya kupumzika, kisha wakaondoka tena. Tafakari hali ya kijana mkulima wa mikoa ya magharibi, ambaye wiki chache kabla yake alikuwa kwao, na ambaye hakupata kuiona bahari wala Mjapani. Sasa amesimama akinywa supu juu ya barafu, na chini ya viatu vyake, baada ya unene wa mita moja hivi, pana maji ya kina cha mamia ya mita. Wengi wao hawakurudi makwao.

Wakati huo huo kazi ya kulizunguka ziwa iliongezwa mwendo. Majabali yalipasuliwa kwa baruti, na mafundi wa kuchonga mawe walitoka hata Italia. Ukuta mmoja katika reli ile bado huitwa Ukuta wa Kiitaliano. Mahandaki yaliyochimbwa ni karibu 40, katika masafa yasiyofika kilomita 100. Mwezi wa Septemba, 1904, gari la kwanza lilipita, kwa taabu, likiacha njia mara kadhaa. Lakini reli hiyo ilifunguliwa kwa safari za kawaida mwezi wa Oktoba, 1905. Na mkataba wa amani ulikuwa umekwisha kutiwa sahihi mwezi wa Septemba, mwaka ule ule, huko Portsmouth, nchini Marekani. Port Arthur ilikuwa imeanguka tangu Januari. Urusi ilikuwa imeshindwa.

Ingekuwa kosa kusema kwamba Urusi ilishindwa kwa sababu ya ziwa. Majemadari wake walikuwa na makosa yao, na Wajapani walijiandaa vema. Tena reli ile ya njia moja ingekuwa finyu hata kama Baikal lisingalikuwapo. Wala manowari haipakiwi juu ya behewa: ilipotakiwa kupeleka meli za vita, Urusi ililazimika kuzizungusha dunia. Kundi hilo lilitoka Bahari ya Baltiki mwezi wa Oktoba, 1904. Meli kubwa zilipita kusini ya Afrika, nyingine zikapita Mfereji wa Suez, zikakutana Nosy Be, katika kisiwa cha Bukini, si mbali na Visiwa vya Ngazija. Hapo zilikaa tangu Januari hata Machi, 1905, mabaharia wakiugua kwa joto, kama ndugu zao walivyougua kwa baridi mwaka uliotangulia. Mwezi wa Mei zikaangamizwa na Wajapani katika mlango wa bahari wa Tsushima. Hata hivyo, miezi ile ya kwanza ya vita, ambapo kila kikosi kilisimama ukingoni mwa Baikal kikingoja zamu yake ya kuvuka, ilikuwa na thamani kubwa kwa adui. Kuiacha nafasi ile wazi, kwa kuogopa gharama ya mahandaki, kulikuwa ni kubahatisha. Na walioamua si wale waliotembea juu ya barafu.

Habari za vita hivyo zilienea mbali. Katika Asia na Afrika, watu waliotawaliwa na Wazungu walisikia kwamba taifa la Asia limelishinda dola kubwa la Ulaya, na wengine walianza kujiuliza maswali mapya. Ndani ya Urusi yenyewe kushindwa huko kulichochea machafuko ya mwaka 1905, na mfalme akalazimika kukubali baraza la wawakilishi wa watu.

Na kijiji je? Reli ilipokwisha kulizunguka ziwa, meli kubwa Baikal haikuwa tena na kazi ya kutosha. Iliteketea kwa moto mwaka 1918, katika vita vya Warusi wenyewe kwa wenyewe. Miaka ya 1950 serikali ya Kisovieti ilijenga bwawa la umeme katika mto Angara penye Irkutsk. Maji ya ziwa yakapanda kiasi cha mita moja. Jiwe la Mganga likazama, likabaki kichwa tu juu ya maji. Na ile reli ya kutoka Irkutsk mpaka Bandari ya Baikal, iliyokuwa imepita kandokando ya mto, ikafunikwa. Njia kuu ilikuwa imekwisha kupitishwa juu ya milima. Hivyo yale mahandaki karibu 40, yaliyochimbwa kwa haraka na kwa jasho jingi, yakabaki kwenye tawi la reli lisiloendelea popote, na hupitiwa zaidi na watalii. Kuhusu barabara nzuri iendayo Listvyanka, husimuliwa kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya Rais Eisenhower wa Marekani, aliyetazamiwa kuzuru mwaka 1960. Ugomvi wa mataifa mawili ukazuka, naye hakuja.

Siku hizi wageni huja wakati wowote wa mwaka. Hutazama jumba la makumbusho ya viumbe vya ziwa, ambamo yumo sili wa Baikal, mnyama wa majini aishiye katika maji matamu maelfu ya kilomita mbali na bahari aliyotoka. Wakati wa baridi hutembea juu ya barafu na kupiga picha za nyufa zake. Meli Angara ingali ipo, imefungwa mjini Irkutsk, nayo imefanywa makumbusho. Penye mlango wa mto, mkondo ni wa nguvu na maji hayagandi hata Januari ziwa zima likiwa jeupe. Na hapo kivuko kidogo huwachukua watu kati ya Listvyanka na Bandari ya Baikal, mahali ambapo gari la moshi lilikoma na vikosi vikateremka.